Kanyaga, Shikilia, Achia

Alhamisi, Julai. Baridi, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Mlima Meru haujaonekana wiki hii. Nimevaa sweta la mume wangu juu ya sweta langu, na yote mawili yananuka mafuta ya breki. Mume wangu! Bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mjinga. Elibariki wangu. Jamani, mtu ana mikono mikubwa vile, halafu anashika skrubu ndogo kama ameshika kifaranga.

Nina furaha, na nimekwama. Sikujua kwamba hivyo viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

Kwa mliofika kwenye ukurasa huu karibuni: nyuma ya nyumba yetu hapa Kikwe, ndani ya banda la mabati, kuna Moris ya rangi ya krimu, saluni ya Kiingereza ya zamani, uso wa mviringo kama mtu aliyeshangaa. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Alipofariki ililala humo miaka mingi, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Eli ameifufua mwenyewe, jioni baada ya kazi. Injini inaunguruma vizuri. Taa zinawaka. Viti nimevishonea vitambaa mimi, na mama mkwe alipoviona alikaa mbele, upande wake wa siku zote.

Breki tu ndizo zimegoma.

Na zingegoma zikitaka, nisingejali, isipokuwa kwa lile neno la ukumbini. Kwetu, binti akishaolewa harudi nyumbani kwao mpaka mume ampeleke rasmi, na ndugu zake, na zawadi zao. Siku ya harusi Eli alishika maiki akasema atanipeleka kwetu kwa gari la baba yake. Ukumbi mzima ukashangilia. Mama mkwe akalia. Mimi nilimwangalia nikaona hakuna mwanaume mwingine duniani. Ndipo baba yangu, anayependa utani kuliko chakula, akaomba maiki naye.

"Mkwe, nimekusikia. Basi geti langu halifunguliwi kwa gari lingine!"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini utani uliosemwa kwenye maiki mbele ya koo mbili haukubaki utani. Shemeji ana Noah nzima kabisa, alijitolea kutupeleka. Eli alimshukuru akabadilisha mazungumzo.

Kwetu ni Maji ya Chai. Si mbali hata kidogo.

Jana ilikuwa soko Tengeru, nikaenda kununua vitunguu, na nilipopita kwenye ndizi nikamkuta mama yangu. Sokoni hakuna mwiko, watu hukutana. Hata hivyo nilisimama kama mwizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa au ni hilo sweta?"

Jirani yake anayeuza nyanya akadakia, "Bibi harusi! Hiyo gari bado inavaa viatu? Mwambie mkwe wetu afunge ng'ombe mbele, tumechoka kusubiri pilau!"

Wakacheka wote, mimi pia. Mama alinitilia parachichi kwenye kikapu, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Baba yako kila jioni anatoka kwenda getini. Tukimuuliza, anasema anaangalia mbwa."

Mbwa wetu alikufa kabla sijaolewa.

Sikumwambia Eli. Ningemwambiaje? Anajilaumu vya kutosha. Tatizo liko kwenye silinda kuu ya breki, ile iliyojificha chini ya sakafu. Ndani imeliwa na kutu, kwa hiyo kila raba mpya ya kuzuia mafuta anayoweka inakwaruzwa na kuvujisha. Mzee wa Kisikh anayeuza spea za zamani mjini alimwambia silinda ichongwe upya, ivishwe shaba ndani. Mchongaji aliyeipokea aliirudisha akisema mashine yake haifiki kipimo hicho. Eli akaisugua mwenyewe kwa msasa laini, akaweka raba nyingine, na leo tukajaribu tena.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na nakiri ndiyo fungate yangu. Mimi nakaa kwenye usukani, yeye analala chini kwenye gunia, anafungua na kufunga kijiskrubu kwenye gurudumu. Simuoni, naona miguu yake tu.

"Kanyaga."

Nakanyaga.

"Shikilia, mke wangu, shikilia. Haya, achia."

Gurudumu moja, jingine, hadi yote manne. Anavyosema "mke wangu" kutoka chini ya gari, hata ukungu unapata joto.

Tulipomaliza akauliza, "Imekaza?"

Nilikanyaga. Ilikaza! Mguu wangu ulikutana na kitu kigumu, nikavuta pumzi, nikaona geti la kwetu, nikamwona baba. Kisha, taratibu kama mtu anayesinzia, pedali ikaanza kuzama chini ya unyayo wangu mpaka sakafuni.

Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema "imekaza," kesho kutwa tungekuwa njiani. Yeye angeniamini, maana kule chini hana macho mengine ila mguu wangu. Lakini ule mteremko wa kwetu naujua, na nampenda mtu huyu akiwa mzima.

"Imeshuka," nikasema.

Miguu yake ilibaki vilevile kwenye gunia, na mimi nikabaki nimeshika usukani wa gari lisilokwenda popote.

Baadaye ndipo akauliza, polepole, "Umechoka na mambo haya, Ndeshi?"

"Hapana," nikamwambia. "Sijachoka hata kidogo."

Sasa amelala, kucha zake nyeusi juu ya shuka letu jipya la harusi, na mimi ninaandika hapa mambo nisiyoweza kumwambia. Kuhusu pedali niliweza kusema ukweli. Mbona kuhusu mimi nimeshindwa?

Nampenda kupita kiasi, na ninataka kwenda nyumbani, hata kwa miguu. Nitamwambia vipi?