Mchezo Usiosubiri Zamu

Kashai, Bukoba
14 Novemba 2002

Kaka yangu mpendwa Ildefons,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, pamoja na wifi yangu mtarajiwa, Limi. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua kila mvua zikizidi, lakini ukimwambia apumzike anachukua jembe makusudi akuoneshe. Senene wameanza kuanguka, na watoto wa hapa Kashai wameshakuwa wendawazimu.

Uliponiletea kompyuta ile kuukuu uliniomba niucheze ule mchezo wa vita vya wafalme wa zamani, kisha nikuandikie uzuri wake na ubaya wake kabla hujafungua chumba chako cha michezo hapa mjini. Nimeucheza mpaka macho yanawasha. Nitakueleza yote. Ila nakuambia mapema, usije ukasema nimekuvizia: lipo jambo jingine, la Kezia, ambalo ni lazima ulijue kabla hujafunga ndoa na Limi. Nitalifikia. Nikianza nalo mkono utagoma. Tangu asubuhi nakaa nasimama, nimefagia chumba kisicho na taka, nimechemsha chai nikaisahau mpaka sufuria ikaungua.

Haya, mchezo. Siku ya kwanza nilishindwa vibaya kwa sababu ya adabu. Sisi tumekulia kwenye drafti, mtu anasukuma kete yake, kisha anakunja mikono kumngoja mwenzake. Mimi nami nikajenga nyumba moja, nikatulia nikimngoja adui naye ajenge yake. Nikangoja wee. Kumbe mchezo huu hauna zamu! Adui, yaani kompyuta yenyewe, alikuwa anajenga, analima na kufua mikuki muda wote ule, na nilipokuja kushtuka farasi wake walikuwa mlangoni. Kezia alicheka mpaka akajishika mbavu.

Naam, Kezia ndiye mwenzangu wa kucheza. Wewe uliachana naye, mimi sikuachana naye. Mlipokuwa mnaishi pamoja kule Kagondo alikuwa wifi yangu, na ulipohamia Mwanza akabaki rafiki yangu. Sasa hivi anakaa na mimi chumba hiki kimoja, na kitanda nimemwachia yeye.

Uzuri wa mchezo ni mwingi. Unaanza na watu wachache na giza pande zote, na giza halitoki mpaka umtume mtu akatembee huko. Hilo nimelipenda sana. Unajifunza kupanga pia. Ukikata miti yote mapema utakosa mbao za kujengea, na ukilea askari wengi bila wakulima watakufa njaa na panga zao mikononi. Muziki wake ni mtamu. Na vijana watalipa, hilo usiwe na shaka, maana hakuna anayekubali kuondoka akiwa ameshindwa.

Ubaya wake nao upo. Kompyuta ni nzito, watu wakizidi inaganda, na umeme wetu huu unaokatika ovyo utakufilisi. Wakulima wake ni wajinga wa kupindukia. Miti ikiisha wanasimama tu na mashoka begani hata kama msitu mwingine uko hatua mbili nyuma yao. Shamba lenyewe ni nafaka tupu, mgomba hakuna hata mmoja, kwa hiyo Mama aliuliza hao wafalme walikuwa wanakula nini.

Mama alikuja kututembelea mwezi uliopita akakaa nyuma yetu kutazama. Mnyama wa porini akamuua mkulima wetu mmoja. Mama akasema wote waache kulima mara moja, kuna msiba kijijini, nani ameona watu wanashika jembe kabla matanga hayajaanuliwa? Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Nami kwa heshima nikawaondoa wote shambani, nikawakusanya mbele ya nyumba kubwa wakasimama. Ghala likaisha, adui akaja, tukafutwa. Mama alisema ni afadhali kushindwa hivyo. Lakini zile nyumba zilipoanza kuwaka moto alitoka nje, akakaa barazani mpaka tulipozima. Nikakumbuka alivyokimbia kutoka Kyaka mwaka ule wa vita na wewe mgongoni. Kwa hiyo andika hilo pia: mchezo huu usioneshwe kwa wazee waliokimbia vita vya kweli.

Kezia alicheza vizuri kuliko mimi, kwa pupa, hatulii, akimaliza anaanza tena. Siku moja akaacha kucheza ghafla, akaniambia ameugundua ubaya mkubwa kuliko wote. Alisema watu wa mle ndani wanakufa kwa mkuki au kwa njaa tu. Hakuna anayeugua. Hakuna anayekonda huku anaendelea kulima. Nilicheka kidogo, nikamwambia angefaa yeye kuwa fundi wa kutengeneza michezo. Hakucheka.

Jumapili iliyopita tulikwenda nyumbani Ijumbi sote wawili, yeye kumwona mama yake, mimi kumwona wetu. Kanisani padri akasoma tangazo la kwanza la ndoa yako na Limi, akasema kama kawaida kwamba mwenye kujua kizuizi aseme. Kezia alikuwa kando yangu. Aliinuka akatoka. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta, nikadhani ni wivu, nikaanza kumbembeleza kama anavyobembelezwa mtu aliyeachwa.

Ildefons, haukuwa wivu. Kezia amepima damu na ameathirika. Alipimwa mara mbili, na majibu ni yale yale. Kule kukonda alikokuwa anasema ni vidonda vya tumbo, na ule mkanda wa jeshi uliomtoka ubavuni mwezi wa nane, yote ni hiyo. Nimelia mpaka sauti imenikauka. Nilimuuliza kama kuna mwanamume mwingine aliyewahi kuwa naye baada yako. Aliniapia kwamba hakuna. Kabla yako ndiyo, alikuwepo yule mchuuzi wa samaki wa visiwani, na wewe nawe nakufahamu, kaka yangu, hukuwa mtawa. Kwa hiyo sikuandikii kukuhukumu. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na sijawahi kuogopa namna hii tangu tumzike Baba.

Nakuomba upime, na Limi apime, kabla ya tangazo la tatu, ambalo litasomwa tarehe ishirini na nne. Nasikia hapo Mwanza kuna mahali wanapima kwa siri na majibu yanatoka siku hiyo hiyo. Mambo haya hayasemeki kwenye simu ya dukani, ndiyo maana nampa jirani yangu Magesa barua hii apande nayo melini, akukabidhi mkononi. Kama majibu ni mazuri, nitacheza kwenye harusi yako mpaka viatu vikatike. Kama ni mabaya, rudi nyumbani, na mimi nitakuuguza wewe kama ninavyomuuguza Kezia, na hakuna atakayekusema mbele yangu.

Lakini nisipopata neno lako, padri akisoma tangazo la tatu na kuuliza, nitasimama. Najua ugonjwa si kizuizi cha kanisa. Najua Mama ataona aibu na watu wa Ijumbi watanisema mwaka mzima. Nitasimama hivyo hivyo. Limi ni mtoto wa watu, na hajatukosea lolote.

Mama anakusalimu, naye hajui neno hata moja la haya. Nisalimie Limi na wazazi wake. Kezia naye anakusalimu. Nilimsomea barua hii, akaniomba nifute maneno ya hasira, na nimeyafuta. Amesema hataki tena kuulizana nani alimpa nani. Anachotaka ni ugonjwa huu uishie kwenu wawili, yeye na wewe, usimfikie Limi.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Petronila