Jimu ya Tano

Mwenzangu, uko hewani? Uso bado unaniwaka.

Nimetoka kazini, niko jimu nafunga kamba za viatu kama kawaida, mara dada wa mapokezi ananisimamia kichwani. "Samahani, wewe ndiye Bi Majaribio?"

Eti Bi Majaribio! Kumbe madada wa mapokezi wa jimu zote za mji huu wana kundi lao la WhatsApp, na humo nazungumzwa mimi. Jimu nne nimejaribu siku moja moja, hii ya tano, na kote nimeaga kwa "nitafikiria".

BI MAJARIBIO. Mbele za watu.

Kocha naye akaja, mzee mwenye taulo begani. "Binti yangu, jimu ya kwanza ulisema muziki una kelele. Ya pili, joto. Sisi tuna kasoro gani?"

Nikasema hakuna.

"Basi unatafuta nini? Mashine ya dhahabu?"

Watu wakacheka.

Unanijua, siku nyingine ningebeba mfuko wangu nikaondoka kimya. Lakini tangu uhame, nikitoka kazini Ijumaa sauti yangu siisikii tena hadi Jumatatu. Nikiugua Ijumaa nikapona Jumapili, hakuna anayejua.

Nikabaki pale pale, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Sauti ikatoka:

"Natafuta mahali ambapo nisipokuja siku mbili, mtu ataniuliza nilikuwa wapi."