Saa ya Brazili na Besi Yako, Tata

Tata, baba yangu mpendwa,

Watoto wa wenzako wakirudi kutoka Bukoba mjini waliulizwa kama wamekula. Wewe hukujali tumbo la mtu. Ulikaa barazani pale kijijini Kaagya, ukasubiri niweke mzigo chini, kisha: "Haya, kuna jipya gani?" Nikisema hakuna, ulinitazama kama mtu aliyefungua gunia la kahawa akakuta maganda.

Leo ninalo. Tangu tukuzike kibanjani, kando ya migomba yako, sijapata mapya ya namna hii, na nisipokuambia nitapasuka.

Nianze na saa, maana nakujua. Unakumbuka ile yako ya kutia ufunguo, uliyoisogezea mishale makusudi ili saa moja asubuhi isome moja? Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuambia saa yako ina makosa. Ukamjibu kwamba yeye anatazama saba halafu anatamka moja, sasa kati yenu mwenye makosa ni nani.

Sasa hapa kibandani kwangu Muleba nauza saa zinazoungana na simu. Zinahesabu hatua, zinapima mapigo ya moyo, na ukikaa mno zinatetemeka kukuamuru uinuke. Kwetu kazi hiyo aliifanya Mama, na hakuhitaji kuchajiwa. Juzi nikichezea moja nikaona mahali pa kuchagua majira ya nchi. Nikagusa Brazili. Tata, mishale ikazunguka ikatulia kwenye saa ya Kiswahili, sawasawa na yako. Kumbe wale wako nyuma yetu kwa saa sita. Halafu kuna utamu zaidi: tarehe yake inabadilika kukipambazuka. Si ulisema siku mpya haiwezi kuanza watu wamelala, nani ameiona? Nimeshawawekea wazee kadhaa. Wanapalilia kahawa huku mkono wa kushoto ukiishi Brazili.

Muziki nao umechangamka. Kuna kijana wa kisiwani Bumbire, mvuvi wa dagaa, anapiga nanga, ile yetu ya nyuzi ya kusimulia mambo ya kale, juu ya midundo ya kompyuta. Mara ya kwanza nilikunja uso kama wewe siku gitaa lilipoingia kanisani. Mara ya tatu nilijikuta natikisa kichwa. Ungejifanya humtaki, halafu ungeniomba nirudie, usikie vizuri kinachokuudhi.

Lakini kilichonikalisha chini nikaandika ni kingine. Kuna tovuti unaipa wimbo, nayo inauchambua: waimbaji peke yao, ngoma peke yake, besi peke yake, kama mtu anavyochagua maharage kwenye ungo. Nilipoiona tu, akili yangu ikaruka hadi kwenye kaseti ya alfajiri ya Pasaka.

Unajua ni kaseti gani. Bendi ya matarumbeta ya kanisa mbele, kwaya nyuma, mnapanda mlima kwenda makaburini, na katikati wimbo unalegea mpaka unakaribia kufa. Ta Yohana, mwenzako mpuliza tarumbeta dogo, alisema besi yako ilipotea. Alisema harusini, akasema sokoni, na msibani kwa jirani akakuuliza mbele za watu, "Ta, ile besi yako uliipata?" Ukacheka nao. Nyumbani ulilipangusa tarumbeta lako kubwa ukasema neno moja tu: "Sikupotea." Ukaondoka na neno lako hilo, na mimi nikabaki nalo kama kokoto kiatuni.

Nikaazima redio kaseti, nikaingiza wimbo kwenye simu, nikaupandisha kwenye tovuti. Nikafungua besi peke yake huku nikikuombea. Pole, Tata. Ulichelewa. Ta Yohana hakusema uongo: wenzako wanakwenda, wewe unavuta nyuma.

Nilitaka kuzima. Ila kuna kitu kilinisumbua. Mtu aliyepotea hubabaika. Wewe ulipunguza taratibu, kwa utulivu, kama dereva aliyeona ng'ombe barabarani. Nikafungua waimbaji. Sauti ya Mama naijua hata ndani ya kwaya nzima. Inapanda vizuri, kisha inakatika. Anahema, anaukosa mstari mzima. Na palepale inapokatika ndipo besi inapoanza kupungua. Mama anaporudi, nawe unarudi.

Jumapili nikampelekea, nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza macho yamefumbwa, kisha akacheka peke yake.

"Nilikuwa na mimba yako," akasema. "Mlima ulinishinda, na yeye alikuwa mbele yangu tu, nikamvuta koti asimame. Tulipofika nyumbani akaniambia besi haisimami, mke wangu, ila inaweza kutembea polepole."

Nikamuuliza kwa nini basi ulikubali kuchekwa miaka yote ile. Akasema yeye ndiye aliyekukataza kusema. Hakutaka kwaya ijue kwamba amechoka. Wamcheke baba yako, akasema, yeye amezoea.

Sasa ameniruhusu. Nimemfuata Ta Yohana kwake, nikamwekea besi, nikamwekea sauti ya Mama, bila kumwambia kitu. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akavua kofia, akaishika magotini, akatazama upande wa ule mlima.

"Kumbe sisi ndio tuliokuwa tunakimbia," akasema.

Sasa anataka Pasaka ijayo bendi ipunguze mwendo palepale, kwa makusudi. Vijana wamemuuliza wimbo umeandikwa hivyo wapi. Amewaambia hivyo ndivyo unavyopigwa Kaagya.

Haya, Tata. Hilo ndilo jipya. Pumzika; kwetu kumekucha, na tarehe ndiyo kwanza inabadilika.

Ni mimi binti yako,
uliyemsubiri mlimani kabla hajazaliwa.