Posa Yangu Imo Kwenye Folda ya Korosho

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa haraka, maana hapa nilipo nacheka na kulia kwa pamoja. Mimi ni mtunza masijala wa ofisi moja ya mazao hapa Kibaha, barua pepe zote zinapita kwangu, na mwezi wa sita zilipozidi niliweka kanuni kwenye seva, kwamba barua yoyote yenye neno korosho iende yenyewe kwenye folda ya Korosho, ambayo ofisi nzima inaisoma isipokuwa mimi kwa kuwa korosho si kazi yangu, nikajiona mjanja kweli. Sasa yupo Jabiri, bwana shamba wa Masaki kule Kisarawe, kijana mpole ambaye kwenye simu huongea habari za mvua tu, ya moyoni huyaandika, na mimi miezi yote hii nalalamika kwamba siku hizi haandiki. Kumbe anaandika! Ila ana adabu za kwao, hawezi kufika kwenye mapenzi kabla hajatoa salamu za shamba, kwa hiyo kila barua inaanza, "Zena, korosho zimeanza kutoa maua," ndipo yanafuata mengine, na seva haina habari na hayo mengine. Leo asubuhi namwamkia bosi wetu, Mzee Matano, "Shikamoo," ananijibu, "Marahaba binti yangu, hivi yule kijana wa Masaki utamjibu lini? Sisi huku tumechoka kusubiri." Nikafungua folda. Barua kumi na nne, mshauri! Zote zimeshasomwa, na Anifa wa mapokezi amezikariri. Ya mwisho inasema mshenga yuko tayari kuja kwetu Jumamosi, nisipojibu hadi Ijumaa ataelewa kwamba simtaki, hatanisumbua tena. Nampenda mpaka naona haya kuandika. Je, nizifute zote nijifanye hazikufika, au nihame ofisi kabisa?

Zena, Kibaha

Zena mwanangu, pole, na hongera, na acha wazimu. Ufute nini? Utafuta na kichwa cha Anifa? Seva uliipa neno moja ikakutii, usiisingizie. Kosa ni lako, mtunza masijala mzima, kufungua folda usiichungulie hata siku moja!

Sasa mpigie simu Jabiri, usimwandikie. Akianza habari za mvua mkatize, mwambie mshenga aje. Kisha mwambie mama yako, asije akakutwa Jumamosi hana habari na nyumba haijafagiliwa. Hayo yakiisha ndipo urudi kwenye seva, uweke kanuni mpya juu ya ile ya zamani: kinachotoka kwa Jabiri kibaki kwako, kisiguswe. Na ofisini usijifiche. Hao wamekuombea heri miezi mitatu, waalike wote.

Ila usikawie. Barua yako imetaja korosho mara nne, na hapa gazetini zenye neno hilo huenda zenyewe ukurasa wa kilimo. Imekaa huko siku mbili, wameisoma wote, na mhariri wao kaniletea sasa hivi akijifuta machozi ya kicheko. Jibu hili nakutumia kwenye simu yako kabla halijachapwa, maana leo ni Ijumaa, Zena. Piga.