Injini Ambayo Hakuna Aliyeitaka

Akinyi, mjukuu wangu,

Habari za Eldoret? Sisi huku Kosele tu wazima, na baba yako amemaliza kupalilia. Umeniuliza kama uuze gari lako kwa bei ya chuma, kwa sababu giaboksi imekufa, na injini, ingawa bado nzuri, haiingiani na gari lingine lolote.

Ngoja kwanza! Nilipoolewa, babu yako alikuwa na gari la aina hiyohiyo. Sokoni walilicheka. Bodi yake ilipooza kwa kutu, hakuna aliyetaka injini, basi akaifunga kwenye mashine ya kusaga mahindi. Eeh, ikanguruma! Waliotucheka wakapanga foleni na madebe yao.

Imetulisha mpaka juzi, ilipozima kabisa. Nimetafuta nyingine kama hiyo Homa Bay nzima, kumbe unayo wewe! Usiuze. Lilete, hata kwa kuvutwa.

Dani, nyanya yako ninayekungoja barabarani