Baba, Nilijua Dawa Zako Hazifanyi Kazi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze maneno bila salamu, hata kwa mtu niliyemkosea.

Nimerudi Tiwi wiki tatu sasa, na shahada yangu ya pili ya elimu ya vijidudu. Majirani wanakuja kunipongeza. Wananiita daktari, jina walilokuita wewe miaka yote ile, ingawa ulikuwa dresa tu wa zahanati, mfunga vidonda na mdunga sindano, mpaka ukastaafu na kufungua duka la dawa pale njia panda. Wananipa mkono, kisha wanashusha sauti. "Mungu amrehemu mzee," wananiambia. "Hakumuua yule mtoto kwa kusudi." Nami naitikia amin.

Nimechoka kuitikia amin. Ndiyo maana nakuandikia, na barua hii siifungi.

Unakumbuka jiko la mafuta la zahanati, ulipokuwa ukichemsha sindano za kioo kwenye sufuria? Siku za likizo ulikuwa ukinichukua kazini na kunikalisha kwenye benchi la wagonjwa. Siku moja nikanyoosha mkono nizishike, ukaudaka. "Mkono wako una wadudu," uliniambia. Nikautazama mbele na nyuma, nikakwambia sioni kitu. "Hata mimi sijawahi kuwaona," ulisema, "na nawatibu kila siku." Nilisoma sayansi kwa sababu ya maneno hayo. Sijui kama nilipata kukuambia.

Nilipopata kazi kwenye mradi wa utafiti wa kuhara damu, ulifurahi kuliko mimi. Maabara ilikuwa ndani ya nyumba ya kupanga huko Diani, nyuma ya mahoteli, nyumba yenye mlinzi getini na bustani inayomwagiliwa hata wakati visima vya vijijini vimekauka. Tulikuwa tukiletewa vinyesi vya wagonjwa kutoka zahanati za Kwale. Nilikuwa nikiotesha bakteria kwenye visahani, kisha nikiweka juu yao vipande vidogo vya karatasi vilivyolowa dawa, kila kipande na dawa yake. Dawa yenye nguvu huacha duara tupu kuizunguka, maana bakteria wote wa hapo wamekufa. Dawa iliyoshindwa haiachi kitu. Bakteria huota mpaka kwenye ukingo wa karatasi.

Kufikia katikati ya mwaka wa tisini na saba nilikuwa nimeona ya kutosha. Dawa mbili ambazo kila duka la pwani yetu liliuza kwa kuhara damu, duka lako likiwamo, zilikuwa zimeshindwa. Ya tatu, ambayo maduka hayakuwa nayo ila hospitali ilikuwa nayo, ilikuwa bado inaua.

Nilimwendea mkuu wa mradi, nikamwomba tuziandikie zahanati na maduka. Alinisikiliza vizuri, hata akanimiminia chai.

"Hiyo haitoki hapa mpaka ichapishwe," alisema. "Tukiongea saa hii, kuna watu watatutangulia. Mkataba wako unasema aje kuhusu siri? Na wewe si ndiye unangoja ile nafasi ya kusoma ng'ambo?"

Nilikuwa naingoja. Nikanywa chai yake, nikarudi kwenye visahani vyangu.

Mwezi huohuo ndipo nilipokuleta maabara. Ulivaa kanzu yako ya Idi na koti juu yake. Nilikurekebishia darubini, ukainama. "Kumbe ndio hawa," ulisema. Ulipoinua uso macho yalikuwa yamelowa, nikajifanya natafuta kitambaa.

Kisha ukaviona visahani mezani. Ukauliza yale maduara ni nini, nikakueleza. Ulielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Ukaonyesha kwa kidole kipande kisichokuwa na duara.

"Na huyu aliyeshindwa, ni dawa gani?"

Mkuu wa mradi alikuwa amesimama mlangoni. Lakini sitamtwika yeye jibu langu, maana kinywa kilikuwa changu.

"Matokeo hayajawa tayari, baba," nilikujibu.

"Basi yakiwa tayari uniambie. Watu wananitegemea."

"Nitakuambia."

Ungeweza kusoma herufi ndogo kwenye kile kipande, lakini ulikuwa umeacha miwani nyumbani. Nilijua umeiacha.

Mvua za mwisho wa mwaka ule sina haja ya kukuelezea. Vyoo vilifurika, visima vikaingia maji machafu, na kuhara damu kukaanza Tiwi. Zuhura, binti wa mdogo wangu Mejumaa, alishikwa siku ya Jumatatu. Alikuwa na miaka minne na bado alikuwa akikuita "babu daktari". Ulimpa ile dawa ya maji ya watoto uliyokuwa ukiitoa miaka nenda miaka rudi. Mejumaa alipotaka kumpeleka hospitali, ulimwambia, "Ngoja dozi ifanye kazi. Dawa hii haijaniangusha." Ulimwongezea na ya pili. Hukuwa mzembe, baba. Ulikuwa ukikesha naye, ukimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, ukifuata kila ulichofundishwa. Ulichokosa ni neno moja, na neno hilo lilikuwa kwangu, kilomita chache kutoka hapo, ndani ya daftari lenye jalada la bluu.

Nilipata habari Alhamisi asubuhi. Nilipofika hospitali, Mejumaa alikuwa na matope hadi magotini kwa kumbeba mtoto pale barabara ilipokatika. Nilimtajia daktari ile dawa ya tatu. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia nafanya kazi maabara. Waliitoa palepale, lakini mwili wa Zuhura ulikuwa umekwisha kukauka. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Ulifunga duka siku ileile. Kwenye matanga ulikaa mkekani ukiwaambia wote waliokuja kukupa pole, "Nimemuua mimi. Nilimchelewesha." Wakaitikia kwa kichwa, maana walikuwa wakikuamini katika kila kitu. Mimi nilikuwa nikipitisha kahawa, na sikusema kitu.

Mwaka uliofuata makala yakatoka kwenye jarida la nje. Jina langu lilikuwa la nne. Makala yalisema kuwa maarifa haya ni muhimu kwa afya ya jamii ya pwani, na sentensi hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu. Nafasi ya masomo ikafuata baada ya wiki chache.

Ulinisindikiza hadi stendi ya Ukunda. Ulikuwa umekonda, na watu uliowatibu miaka thelathini walikuwa wakikusalimu kwa mbali. Ulinishika mkono. "Soma, mwanangu. Usirudi kabla hujamaliza." Niliichukua kama dua ya baba. Niliposikia kuwa umeanguka ukitawadha na hukuinuka tena, nilikuwa na mtihani kesho yake. Nilifuata maneno yako. Niliufanya, na nikapasi vizuri.

Juzi nikamwambia Mejumaa kuwa nina jambo la kukiri. Alikuwa akipeta mchele, hakuinua uso.

"Kama ni la dawa, baba alijua," alisema. "Alijua kabla hujasafiri."

Akanieleza kuwa uliikuta nakala ya makala chumbani kwangu, ukampelekea jirani yetu mwalimu mstaafu, akakusomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alipofika penye majina ya dawa na miezi tuliyozipima, ulimwomba arudie. Ukamshukuru, ukarudi nyumbani, ukamwita Mejumaa, ukamwambia kila kitu, kisha ukamkataza kunigusia mpaka nimalize masomo.

"Nawe ukanyamaza muda wote huu?" nilimuuliza.

"Alikuwa baba yangu na aliniomba. Usidhani nilinyamaza kwa ajili yako."

Baba, wewe pia nina neno nawe. Kwa nini ulinibebea lawama? Uliacha kijiji kizima kikuite muuaji wa mjukuu wako ili mimi nipande ndege. Ungenipiga kofi pale Ukunda. Ungeniita jina ninalostahili mbele ya makondakta na wauza maji. Umeniachia msamaha ambao sikuuomba, nami sina mahali pa kuuweka. Kila nikiwaza kurudi maabara nauona.

Mkuu wa mradi ameniandikia. Anataka nirudi niongoze kitengo, kwa kuwa nawajua watu wa huku. Sijamjibu. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, mwalimu ameniahidi kuisoma barua hii mbele ya watu waliokuwa wakikusalimu kwa mbali. Nimeyataja majina ya zile dawa kwenye karatasi nyingine, naye ataigawa kwa kila mwenye duka kuanzia Tiwi hadi Msambweni. Imechelewa miaka miwili. Wakitoka pale na kuacha kuniita daktari, watakuwa wamesikia vizuri.

Nilidhani nimemaliza hapo. Leo asubuhi nikamsomea Mejumaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeandika kwamba kwenye matanga hukusema kitu. Si kweli. Nilikuwa mlangoni."

Kwa hiyo naandika na hili. Siku ya tatu ya matanga, watu walipokwenda kuswali alasiri, uliniita uani. Uliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza ili aweze kulala usingizi, "Mwanangu, kwani vile visahani vyako vilikuwa vimesema nini?"

Nikakutazama usoni, nikakujibu, "Hata sasa havijasema, baba."

Ukanipapasa kichwa, ukasema, "Basi hukuwa na la kufanya."

Lala, baba. Mimi sikuombi kitu.

Binti yako mkubwa