Nilisoma Kuaga Kwangu Mwenyewe Hewani

Mpendwa mshauri, sijui kama nahitaji msaada wako au kofi lako, ila mojawapo nipe upesi, maana mimi ni mtangazaji wa televisheni, mwaka wa thelathini na moja huu nasoma taarifa ya habari ya saa moja jioni, watu sokoni wananiita Shangazi wa Saa Moja, na Ijumaa iliyopita nilijistaafisha mbele ya nchi nzima bila kukusudia.

Ilikuwa hivi. Sisi mbele ya kamera tuna kioo kinachopandisha maneno, na sheria ya kwanza niliyofundishwa, ambayo nami nimewafundisha wengine, ni kwamba yakipanda yasome, ukisita umekwisha, kwa hiyo jicho likiona mdomo umeshatoa, akili inafuata baadaye, ndiyo maana kila siku huwa napitia karatasi zangu zote kabla, lakini siku hiyo mkurugenzi mpya, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika maikrofoni, alinikalia kwenye chumba cha vipodozi akinisifu koti langu hadi zikabaki dakika mbili, nikaingia studio mbio. Nikasoma mafuriko, nikasoma bei ya saruji, nikasoma mpira, kisha yakapanda maneno: "Nami, baada ya miaka thelathini na mmoja, nimeamua kwa hiari yangu kupumzika na kuwapisha vijana." Nikayasoma, mshauri! Kwa sauti nzuri! Kwenye mabano waliandika "tabasamu", nikatabasamu.

Tangu hapo simu za pongezi hazikatiki, mkurugenzi amenipa barua ya kustaafu nitie sahihi, anasema, "Dada, si umeshawaambia watu mwenyewe?", Alhamisi kuna hafla ya kuniaga itakayorushwa moja kwa moja, mume wangu anasema maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu anasema, "Mama, utajiaibisha, we kubali tu." Lakini mimi sijachoka, sijaugua, sauti ipo, mkataba wangu una miaka miwili mbele, na nikifikiria kwamba watu wameuamini uongo ule kwa sababu nimeusema mimi, chakula hakipiti. Ninyamaze nilinde heshima, au niseme nionekane mwehu?

Shangazi wa Saa Moja

*

Shangazi,

Pole sana. Sasa kofi. Mtu mzima unasifiwa koti, unasahau karatasi? Miaka yote hiyo kwenye habari hujajua kwamba bosi akizidisha sifa ana lake jambo? Hilo kosa ni lako, libebe, halafu utue, maana mengine yote si yako.

Mumeo anakupenda, lakini mwambie maji hayo hukuyamwaga wewe, ulishikishwa ndoo tu. Bintiyo naye mwambie aibu ni ya aliyeandika. Na heshima gani hiyo ya kulindwa kwa kunyamaza? Ijumaa uliwadanganya watu bila kujua. Ukikaa kimya sasa, utakuwa umewadanganya kwa makusudi, na hapo sitakuwa na huruma nawe.

Barua yao usiitie sahihi, hata kwa penseli. Leo hii andika yako, mistari mitatu: sikuomba kustaafu, maneno yale sikuandika mimi, mkataba wangu unaendelea. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri, nyingine mpelekee wakili, nyingine chama chenu cha wafanyakazi. Aliyeyaingiza maneno kwenye kioo mtafute, muulize nani alimtuma, lakini kwa upole, naye analinda ugali wake. Saa zako za kazi zikifika, uwe kazini. Wakikufungia studio, kaa mapokezi, mguu juu ya mguu, kila mgeni akuone. Usianze kuwaonea haya. Ukicheka na nyani utavuna mabua.

Alhamisi kwenye hafla nenda, tena uwahi. Kula vizuri, piga nao picha. Ukipewa maikrofoni, washukuru kwa kuja, kisha sema, "Sijastaafu. Maneno ya Ijumaa niliandikiwa. Kesho saa moja nipo." Usilie, usitukane, usiongeze neno. Mkabidhi mkurugenzi maikrofoni, ukae chini, umwache aeleze, nchi nzima ikimtazama.